Shangazi Anajibu: Kazi ya mzazi inapolala nyumbani

Barua za toleo hili nimezichagua zote kwa jambo moja, maana zimekuwa zikifuatana mno kiasi kwamba kuzijibu mojamoja, toleo baada ya toleo, kungekuwa kuwachelewesha watu walio katika dhiki. Kabla ya kupewa safu hii nilikuwa mshauri nasaha shuleni. Vijana walikuwa wakija ofisini kwangu wakilalamika kichwa kinauma au tumbo linasokota, muuguzi ameshawapima na hakuona kitu. Nikiuliza nyumbani kukoje, jibu la kwanza lilikuwa "kuzuri tu". La pili, baada ya kukaa kidogo, lilikuwa "baba ana kazi nyingi" au "mama siku hizi amechoka sana". Barua hizi zinanirudisha kwenye kiti kile.

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 15. Mama yangu alipandishwa cheo mwaka jana na sote tulifurahi. Siku hizi nikisikia tu anavyofunga mlango najua kazini kulikuwaje. Ukibamizwa, mimi na mdogo wangu tunaingia chumbani na kuzima taa. Ukifungwa polepole ni afadhali, ila atakaa kwenye kochi na simu yake, ukimsemesha anaitikia "mm" bila kukutazama. Wiki iliyopita nilipata alama mbaya za hesabu, nikaficha karatasi chini ya godoro. Usiku silali vizuri, nasikiliza kama bado yuko macho anafanya kazi. Nimeanza kuwaza kwamba kama tusingekuwepo sisi, mama angepumzika. Nifanye nini?*
*— Binti wa miaka 15*

Marahaba, mwanangu. Naanza na sentensi yako ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifanya niweke barua yako mbele ya nyingine zote. Kama ndani ya wazo hilo kuna kutamani kufa, kutoweka au kujiumiza, usisubiri gazeti. Mwambie mtu mzima leo hii, kabla ya kulala: mama mwenyewe, mwalimu unayemwamini, muuguzi wa shule, mama mdogo, yeyote atakayekaa akusikilize. Mwambie kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi. Na kama ni uchungu tu unaokupitia, bado ni mzito mno kuubeba peke yako, kwa hiyo mwambie pia.

Sasa habari ya milango yako miwili. Mwanasaikolojia wa Marekani, Rena Repetti, aliwahi kuwafuatilia waongoza ndege, wale wanaokaa kwenye rada na redio kuhakikisha ndege hazigongani. Ni kazi isiyoruhusu mawazo kuhama hata kidogo. Alilinganisha siku zao za kazi na jioni zao nyumbani. Siku ambazo kazi ilikuwa nyingi, walirudi wakajitenga: hawakufoka sana, lakini pia hawakucheka wala kucheza na watoto kama kawaida yao. Siku ambazo walikuwa wamekwaruzana na wenzao au wakubwa wao, jioni walikuwa wepesi wa hasira kwa watoto wao. Mambo mawili tofauti kazini, sura mbili tofauti nyumbani. Simjui mama yako, lakini nikisoma barua yako nadhani unaziona sura hizohizo. Huenda mlango unaofungwa polepole ni wa siku ya kazi nyingi, na unaobamizwa ni wa siku ambayo mtu alimdhalilisha kikaoni naye akalazimika kumeza mate. Katika siku hizo zote mbili, kilichomfanya awe vile kilitokea kabla hajawaona nyinyi.

Najua kulielewa hilo hakuondoi maumivu ya kuitikiwa "mm". Kijana asipopewa maelezo hujitungia ya kwake, na katika hayo anayojitungia mara nyingi yeye ndiye mkosaji. Mtoto wa miaka 4 atalia, atavuta nguo mpaka aangaliwe. Wewe wa miaka 15 umekwisha jifunza kusoma uso, sauti na hatua za mtu, na bado hujazoea kujiambia kwamba uso ule hauna habari na wewe. Ndiyo maana msongo wa mzazi unawaingia watu wa rika lako kwa ndani sana, tena kimyakimya.

Wala hauko peke yako kwa unachokitamani. Mtafiti Ellen Galinsky, katika utafiti uliotolewa mwaka 1999, aliwauliza zaidi ya watoto na vijana 1,000 wa Marekani: kama ungepewa jambo moja tu la kubadilisha kuhusu namna kazi ya mama au baba inavyogusa maisha yako, ungechagua nini? Wazazi wengi walikisia watoto wangeomba muda zaidi. Jibu lililoongoza kwa watoto lilikuwa jingine: wazazi wapungukiwe na uchovu na msongo. Mtoto anakubali kukaa na mama saa moja, ili mradi katika saa hiyo mama awepo kweli.

Basi fanya hivi. Usimkabili mlangoni. Mwache avue viatu, anywe kitu, akae nusu saa. Bora zaidi, ngoja siku ambayo haendi kazini. Kisha mwambie jambo dogo, la kweli, lisilo la lawama: "Mama, ukirudi kimya mimi hufikiri umenikasirikia. Kama ni kazi, niambie tu 'leo ni kazi', nitaelewa." Ukishindwa kulisema kwa mdomo, liandike kwenye karatasi uiweke juu ya mto wake. Vijana wengi niliokaa nao walishindwa kusema lakini waliweza kuandika, na sikumbuki mzazi hata mmoja aliyeichana karatasi ya namna hiyo.

Ile ya hesabu itoe chini ya godoro siku hiyohiyo ya mapumziko, lakini usiziunganishe habari mbili kwa pamoja. Karatasi ya hesabu ni jambo dogo. Inakuwa kubwa kila siku unayoilalia.

Na usingizi. Mtu wa umri wako anahitaji usingizi wa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Unapolala ukisikiliza nyayo za mtu mwingine, mwili unabaki katika hali ya tahadhari, moyo haupoi, na kesho yake darasani akili inagoma. Alama zako mbaya huenda zimeanzia hapo kabla hazijaanzia kwenye hesabu zenyewe. Si kazi yako kulinda usiku wa mama. Wala si kazi yako kumnyamazisha mdogo wako ili nyumba itulie. Nayasema haya waziwazi kwa sababu najua hakuna aliyekwambia.

Jambo moja la mwisho kwako: barua yako haikusema kuna kupigwa. Kama kupo, ushauri wangu wa karatasi na mto haufai. Hapo nenda moja kwa moja kwa mwalimu au ndugu mtu mzima ukaombe msaada.

Nina neno kwa mama wa binti huyu pia, iwapo atalisoma gazeti hili kwenye foleni mahali fulani na kujitambua. Dada yangu, hongera kwa cheo, ulikistahili. Simu hiyo unayokaa nayo kwenye kochi, nina hakika asilimia kubwa ya yanayoingia humo saa mbili usiku yangeweza kungoja hadi asubuhi. Wakubwa wa kazi wanaotuma ujumbe usiku na kutarajia jibu usiku huohuo wanachukua kitu ambacho hawakukilipia, na wanaokilipa ni watoto. Ufaransa ililiona hilo mpaka ikaliingiza kwenye sheria: tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zinatakiwa kukaa na wafanyakazi kujadili haki yao ya kuachana na simu na barua pepe za kazi baada ya saa za kazi. Pasipo na sheria hiyo, mtu huanza kwa kipande kidogo. Chagua saa moja kila jioni, waambie wa kazini kwamba saa hiyo hupatikani, na simu ikae chumba kingine. Iwe saa ileile kila siku, ili binti yako aache kuvizia mlango na aanze kuitarajia saa.

*Dada, habari za kazi. Mimi ni baba wa kijana wa miaka 16. Nafanya kazi ya zamu, wiki mchana, wiki usiku, na tangu wenzetu wapunguzwe tuliobaki tunabeba na kazi zao. Nimejitahidi kwa nguvu zote shida za kazini zisivuke kizingiti. Sijawahi kulalamika mbele ya mwanangu hata mara moja, wala sijawahi kumkaripia bila sababu. Lakini kijana amekuwa kama mpangaji. Nikimuuliza habari za shule ananijibu "freshi" na kuingia chumbani. Mke wangu anasema ananiogopa. Ananiogopaje, wakati sina neno naye?*
*— Baba wa zamu*

Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa mzigo wa wale walioondolewa. Nimeipenda barua yako kwa sababu inaonyesha mtu aliyefanya bidii ya kweli. Ila bidii hiyo umeielekeza mahali pasipofaa, na si wewe peke yako. Wanaume wengi tumewafundisha kwamba baba mwema huacha shida mlangoni, na mimi siamini kwamba hilo linawezekana. Unaweza kuyaacha maneno mlangoni. Mwili unaingia nao: mabega, taya iliyokazwa, kijiko kinachozungushwa kikombeni bila kunywa chai. "Sina neno naye," umeandika. Kijana anasikia hasa hilo, kwamba huna neno naye. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwaka 2020 mtafiti Sara Waters na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa wazazi na watoto wao wa miaka 7 hadi 11. Kwanza walimpa mzazi jambo la kumtia wasiwasi, kisha wakamkutanisha na mtoto wazungumze, baadhi ya wazazi wakiwa wameagizwa wafiche kabisa walivyokuwa wakijisikia. Kule kulikofichwa, mzazi na mtoto wote wawili walipungukiwa na uchangamfu katika mazungumzo. Watoto hao walikuwa wadogo kuliko wako. Kijana wa miaka 16, aliyeishi na uso wako miaka yote hiyo, sidhani kama anadanganyika kirahisi zaidi.

Sikwambii ummwagie kila kitu. Sentensi mbili zinatosha: nini kinaendelea, na kwamba hakimhusu yeye. "Kazini wametupunguza, ninafanya kazi ya watu wawili na ninachoka. Ukiniona kimya ni hiyo, si wewe." Basi. Usiongeze hotuba ya jinsi unavyojinyima kwa ajili yake, maana hapo umemrudishia mzigo kwa mlango wa nyuma.

Halafu achana na swali la "habari za shule". Ni swali la salamu, nalo hujibiwa kisalamu. Vijana, hasa wa kiume, hufunguka mikono ikiwa na shughuli na macho yakitazama mbele: mnatengeneza kitu kilichoharibika, mnaosha vyombo, mnatembea kwenda mahali. Usimkalishe uso kwa uso ukamwambia "tuzungumze", atadhani ameshitakiwa. Mpe kazi muifanye pamoja, kisha nyamaza kwa muda mrefu kidogo kuliko unavyodhani unaweza. Neno la kwanza likitoka, hata kama ni la mpira, lipokee kama lilivyo.

Zamu zina shida yake ya peke yake ambayo wanaofanya kazi za mchana hawaijui. Wiki ya usiku, nyumba nzima inatembea kwa ncha za vidole mchana kwa sababu baba amelala, na mtoto anakua akijua kwamba kuonana na baba ni kosa linaloweza kutokea kwa kelele. Bandika ratiba ya zamu mahali kila mtu anapoiona. Weka alama kwenye saa ambazo uko macho na hauna kazi, hata zikiwa chache, umwambie kijana kwamba saa hizo mlango uko wazi. Wiki ambazo hamuonani kabisa, mwachie kikaratasi. Na kabla ya kuingia nyumbani baada ya zamu mbaya, jipe dakika kumi za kukaa au kutembea peke yako. Nimesema dakika kumi. Saa tatu za kijiweni ni jambo jingine, na hizo mtoto huzihesabu.

Pia, mzee, angalia hali yako mwenyewe. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilipoorodhesha upya magonjwa na hali za afya, lilieleza uchovu huu wa kupindukia kuwa hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa ipasavyo. Haliuiti ugonjwa, wala halisemi ni udhaifu wa mtu. Linauweka kwenye kazi. Kwa hiyo kuomba ratiba ya zamu itolewe mapema, au kuomba mzigo wa walioondoka ugawanywe upya, ni sehemu ya kumlea mwanao sawasawa na kumnunulia daftari. Mkienda wengi pamoja kuomba, ni rahisi zaidi kusikilizwa.

*Shangazi, mimi ni mama, nalea peke yangu. Kazini tumeambiwa kutakuwa na kupunguzwa, na kila mwezi ninangoja barua. Mwanangu wa kike ana miaka 17. Yeye ndiye msiri wangu, kila usiku namweleza yote: bosi alisemaje, akiba imebaki kiasi gani. Amekuwa mtu mzima kabla ya umri. Anapika, anasimamia kaka yake wa miaka 14… samahani, mdogo wake, anapanga matumizi. Juzi alikataa safari ya shule, akasema haipendi. Watu wananisifu nimelea. Mbona moyo wangu hautulii?*
*— Mama asiyetulia*

Dada yangu, moyo wako uko sahihi, usiunyamazishe. Binti yako safari anaipenda. Alipiga hesabu.

Kumwambia ukweli hukukosea. Nyumba ambayo watoto wanajua kuna jambo lakini hawajui ni lipi ndiyo inayowatesa zaidi. Kilichozidi ni kiasi. Mtoto wa miaka 17 anaweza kubeba habari: "huenda nikapunguzwa, tukifika huko tutapunguza hiki na kile, nimeanza kutafuta kwingine." Hawezi kubeba hofu yako ya saa sita usiku, kwa sababu hana la kuifanya. Hawezi kuzungumza na bosi wako wala kuongeza akiba. Anachoweza ni kujipunguza mwenyewe, na ndicho anachofanya.

Wakulima wa Iowa, Marekani, walipoporomoka kiuchumi katika miaka ya 1980, watafiti Rand Conger na Glen Elder walizifuatilia familia 451 zenye vijana. Walichokiona ni kwamba upungufu wa fedha haukuwafikia vijana moja kwa moja. Ulipitia kwa wazazi: mzazi anakata tamaa, anakuwa mkali au anajifungia, ugomvi unaingia, na hapo ndipo kijana anapoumia. Kwako naona njia hiyohiyo ina tawi jingine, kwamba kijana haumizwi kwa ukali bali kwa kufanywa mtu wa kukushika usianguke. Habari njema iko humohumo, dada: kama njia inapitia kwako, basi unaweza kuizuia hata kabla barua ya kazini haijaja.

Tafuta mtu mzima mwenzako wa hayo ya usiku. Dada yako, rafiki, kiongozi wako wa dini, mfanyakazi mwenzako anayengoja barua ileile. Binti akiuliza mbona siku hizi humwambii, mjibu kwamba umepata wa kumwambia. Utauona uso wake ukilegea. Kupika na kumsimamia mdogo wake kuna heshima yake, sikwambii umpokonye. Gawa tu, na huyo wa miaka 14 naye aoshe vyombo. Daftari la matumizi likabidhiwe kwako. Kuhusu safari, mwite umwambie gharama umeiangalia wewe, na uamuzi wa fedha ni wako. Ikiwezekana kweli, aende. Isipowezekana, sema wewe kwamba haiwezekani, ili akasirike nawe kidogo. Huyo mtoto anahitaji ruhusa ya kukukasirikia.

*Shangazi, mimi ni mjomba. Dada na shemeji wamezidiwa na kazi, na mtoto wao wa miaka 14 amebadilika. Nitajuaje kama ni ujana tu?*
*— Mjomba*

Mjomba, mlinganishe na yeye mwenyewe wa miezi michache iliyopita, usimlinganishe na vijana wengine. Ujana humfanya mtu ajifungie chumbani, lakini bado hucheka na rafiki zake kwenye simu. Kama ameacha na rafiki, ameacha mchezo au wimbo alioupenda, halali au analala mno, hali au anakula bila kipimo, anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule, na hayo yamepita wiki mbili, huo si ujana tu. Wavulana wengi huzuni yao hutoka kwa sura ya hasira. Wengine, wa kike na wa kiume, huwa watulivu na wenye alama nzuri kupita kawaida, nao husahaulika kwa sababu hawasumbui.

Wewe una nafasi ambayo wazazi wake hawana sasa hivi: una muda, na hasira za nyumba ile hazikuhusu. Mchukue mkatembee. Muulize moja kwa moja kama amewahi kufikiri kufa au kujidhuru. Watu huogopa kwamba swali hilo litamtia mtoto wazo. Halimtii, bali humpa mahali pa kulitoa alilonalo. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoeni karibu naye dawa na chochote cha kujidhuru nacho, na apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Dada na shemeji waambiwe siku hiyohiyo pia, hata kama huko kazini kwao kunawaka moto.